Mkoba wa Makufuli Matatu

Leo nimewaletea akina mama sita. Hawatoki usharika huu, kwa hiyo acheni kutazamana. Ukiona aliyekaa karibu nawe anatafuta leso kwenye pochi muda mrefu kuliko kawaida, mwache, huenda ni mafua.

Akina mama hawa walikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, kama vilivyojaa huku kwetu. Mnajua sanduku la kikundi linavyokaa: makufuli matatu, funguo tatu, kila ufunguo kwa mama wake, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne ambaye hana ufunguo wowote. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata shida imkabe namna gani. Lazima watatu wafike, kila mmoja na wake, mbele ya kikao. Ni utaratibu mzuri. Umesomesha watoto, umeezeka nyumba za watu. Sitaki mtu atoke hapa aseme mchungaji aliudharau.

Wawili kati yao nitawaita kwa vyeo, maana ndivyo walivyopenda kuitwa. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu. Mhazini alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Wa tatu hakuwa na cheo, basi huyo nitampa jina: Mama Ndekirwa. Alikuwa akiuza chai na maandazi nje ya geti la kituo cha afya. Wengine watatu walikuwa watu wema, na katika kisa hiki watakaa kimya sana, kama nyinyi mlivyokaa kwenye mkutano mkuu wa mwaka jana.

Siku moja, kikao kimekwisha, soda ziko mkononi, wakaanza kuulizana kila mmoja ni kitu gani hajawahi kufanya maishani. Mmoja akasema hajawahi kupanda ndege. Mwingine hajawahi kuoga maji ya moto bila kuyachemsha yeye. Ilipofika zamu ya Mama Ndekirwa, akafikiri, akasema hajawahi kulala kwenye kitanda ambacho hakukitandika mwenyewe. Hakusema kwa kujihurumia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya andazi. Lakini hakuna aliyeendelea kunywa soda. Juma lililofuata wakaanzisha mfuko wa pembeni, elfu ishirini kila mama kila juma, na wakauendesha miaka minne. Mama Ndekirwa alileta zake kwa sarafu za mia tano, zimefungwa kwenye kitambaa, na hakukosa juma hata moja.

Mfuko ulikuwa wa kutembea. Nasema kutembea. Haikuwa hija, wala haikuwa semina, ingawa barua waliyowaonyesha waume zao iliandikwa "ziara ya mafunzo", na mume wa mhazini alipouliza mafunzo ya nini, aliambiwa ni ya ujasiriamali. Walikuwa wanakwenda likizo ng'ambo, siku saba, kwa sababu walikuwa wamechoka. Sijui kwa nini mwanamke wa kwetu akitaka kupumzika ni lazima kwanza aandike andiko la mradi.

Sasa, mwenyekiti alikuwa na binti anayefanya kazi benki. Binti akaja kwenye kikao Jumamosi moja kuwashauri. Akawaambia wachukue kadi ya benki, na wakiichukua waiarifu benki kwamba wanasafiri, isije ikafungwa wakiwa huko. Wasibadilishe fedha hotelini wala uwanja wa ndege, kwa maana huko wanapunja. Na juu ya yote, wasiweke fedha zote mahali pamoja. Kila mmoja abebe kidogo mwilini mwake, ya dharura, na wenzake wajue anayo.

Walimsikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtoto uliyemwogesha. Kisha wakakataa. Kadi inaweza kumezwa na mashine ya watu, wakasema, na mashine huwezi kuiita kwenye kikao ijieleze. Kuhusu kila mmoja kubeba chake, mwenyekiti alisimama akasema kwamba hapo ndipo safari itakapoharibikia. Mmoja atanunua viatu na mwenzake atasimama mlangoni anatazama magari. Kila mtu alielewa nani angesimama mlangoni, na kila mtu alihakikisha hamtazami. Basi wakaazimia: hakuna kubeba fedha binafsi, hata senti. Fedha yote iwe moja. Watakula kutoka mkoba mmoja, watapanda gari kwa mkoba mmoja, wakikosa watakosa wote. Mikono sita ikapanda juu. Wakafunga kwa sala.

Nataka mwelewe kwamba azimio lile lilikuwa jema. Lilitoka kwenye upendo, na siku ile mikono ile sita haikuwa ya wanafiki. Unafiki ulikuja baadaye, wakati wa kupanga nguo, kama unavyokuja kwetu.

Wakampelekea fundi viatu turubai. Akaishona ikawa mkoba wa tabaka mbili, mdomoni akatia pete tatu za chuma, na kwenye pete wakafunga makufuli matatu. Dola zote za safari zikaingia humo. Mkoba aliuvaa mhazini tumboni, chini ya gauni, akaonekana mjamzito wa umri wa kustaajabisha. Ufunguo wa kwanza kwa mwenyekiti, wa pili kwa mmoja wa wale wakimya, na wa tatu kwa Mama Ndekirwa, aliyeutungia kamba ya kiatu akauning'iniza shingoni.

Nchi waliyokwenda sitaitaja, haiongezi kitu. Ni mji mkubwa wenye mvua ya baridi na chai inayonywewa kwenye vikombe vidogo sana. Kila asubuhi, chumbani kwa mhazini, wenye funguo watatu walikusanyika kitandani, wakasali, wakafungua, wakatoa matumizi ya siku, wakafunga. Siku ya kwanza hesabu iliwapungukia mchana, wakalazimika kuufungua mkoba mbele ya keshia wa mgahawa, makufuli matatu, moja moja, na foleni ya watu wenye njaa nyuma yao. Baada ya hapo waliamua kwamba pesa ikiisha mchana, basi imeisha hadi kesho. Walikula supu isiyo na nyama mara mbili. Mama Ndekirwa alisema ni tamu.

Mjini kule walisafiri kwa zile treni fupi zinazopita katikati ya barabara pamoja na magari. Wenyewe huziita tramu. Hazipokei fedha mkononi. Unanunua kadi kwenye mashine, unaitia salio, na kabla ya kuingia kituoni unaigusisha kwenye kizuizi, kinalia, kinakupisha. Mhazini akanunua kadi moja kwa watu sita. Aliwagusishia wanne wakapita, akapita yeye wa tano, kisha akairudisha kadi juu ya kizuizi ili Mama Ndekirwa ajigusishie. Ni yeye aliyekuwa wa mwisho siku zote. Hakuna aliyempanga. Alikuwa tu mtu wa kuwapisha wengine.

Siku ya nne, saa nane mchana, mvua inanyesha. Wanne wakapita. Mhazini akapita, akairudisha kadi bila kugeuka, maana tramu ilikuwa inaingia na umati unasukuma. Mama Ndekirwa akaigusisha. Taa nyekundu. Akaigusisha tena. Nyekundu. Salio lilikuwa limekwisha kwa mtu wa tano. Milango ikafungwa, tramu ikaondoka na wenzake.

Tazameni hapo kidogo. Upande mmoja wa mji kuna mama wa miaka sitini na tatu. Hajui neno hata moja la lugha ile. Simu yake aliiacha nyumbani kwa sababu laini isingefanya kazi. Hati yake ya kusafiria iko kwenye pochi ya mwenyekiti. Hana hata sarafu ya kununua maji. Shingoni ana ufunguo. Upande wa pili wa mji kuna akina mama watano na mkoba uliojaa dola, na hawawezi kuufungua.

Vituo vinne vilipita kabla hawajajua. Kila mmoja alidhani yuko nyuma ya mwenzake. Ni mwenyekiti, kwa ule uuguzi wake wa kuhesabu wagonjwa kila zamu, aliyehesabu akapata watano. Akahesabu tena akapata watano. Wakashuka.

Kurudi, walihitaji kununua kadi nyingine kwenye mashine, maana ile ya kwanza ilibaki kwa Mama Ndekirwa. Bei yake pamoja na nauli ya mtu mmoja haikufika soda mbili za kwetu. Wakajaribu kwanza kutembea. Walikwenda hatua kama mia kwenye mvua, wakafika mahali ambapo reli zinagawanyika mara mbili, na hakuna aliyekuwa ametazama walikotoka, maana walikuwa wakipiga picha. Goti la mhazini likakataa. Wakarudi, wakasimama mbele ya mashine.

Mwenyekiti akasema mkoba utolewe, atakwenda kwenye duka lolote aazime mkasi.

"Mkoba haukatwi," mhazini akasema. "Tulikubaliana. Funguo tatu."

"Ufunguo wa tatu uko shingoni mwa mtu tunayemtafuta."

"Basi tumtafute."

"Kwa nauli ipi, mhazini?"

 Wakanyamaza wote watano, wameinamisha vichwa, mvua inawapiga. Mtu anayepita angeweza kudhani wanaomba. Ndugu zangu, mtu akinyamaza namna ile huwa haombi.

Mnataka kujua walikuwa wanafanya nini? Kila mmoja alikuwa anaisikia fedha yake mwilini. Mwenyekiti alikuwa na noti ya dola mia kwenye sidiria, aliyopewa na binti yake wa benki, ambaye anamjua mama yake. Mmoja wa wale wakimya alikuwa na kadi ya mwanawe ndani ya soksi. Mwingine alishonea noti kwenye kilemba. Mwingine aliziweka ndani ya jalada la kitabu chake cha sala, mahali ambapo aliona hazitaguswa. Na mhazini, mlinzi wa azimio, yule aliyemkatalia hata mtu aliyeomba kununua kadi za posta, alikuwa na fedha kwenye kiatu cha kulia, nusu yake dola, nusu yake pesa za nchi ile ile. Akina mama watano, maficho matano. Usiku walikuwa wanakula biskuti bafuni, bomba limefunguliwa ili karatasi isisikike.

Kila mmoja alikuwa anajua yake tu. Kila mmoja aliamini kwamba mvunja azimio ni yeye peke yake.

Dakika arobaini walisimama pale. Kwa ajili ya bei ya soda mbili. Mtaniambia walikuwa wachoyo? Mimi nasema hapana. Mngewaambia kwamba kumpata Mama Ndekirwa kunahitaji dola mia tano, wangeuza hereni zao. Fedha wangetoa. Walichoshindwa kutoa ni ile sura waliyokuwa wameivaa. Kila mmoja aliomba moyoni mwenzake aanze, au gari la polisi lipite, au Mama Ndekirwa atokee mwenyewe ghafla, ili asilazimike kuinama na kugusa soksi mbele ya watu.

Na mvua haikuwa inasubiri wamalize kuona haya. Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Mama Ndekirwa ana kifua. Ukweli huo wote waliujua. Walikuwa wamemsikia akikohoa usiku.

Hapo mhazini akaketi. Aliketi chini, kwenye ngazi iliyolowa, akanyoosha mguu wenye goti bovu, akavua kiatu. Akatoa noti zilizokunjwa zikawa kama tambara, akampa mwenyekiti bila kumtazama.

Mwenyekiti akazikunjua. "Hizi za hapa umebadilishia wapi?"

"Hotelini."

"Hotelini? Wewe uliyetukataza?"

"Wanapunja, najua. Mama Mwenyekiti, usinisemeshe, niko na kiatu kimoja."

Mwenyekiti hakumsemesha. Aligeukia ukuta, akaingiza mkono kifuani, akatoa ile dola mia akaiweka juu ya zile noti. Kisha soksi ikavuliwa. Kisha kilemba. Kisha kitabu cha sala. Kituo cha tramu kikawa chumba cha kuvalia, na wenyeji wakapita wakiangalia pembeni kwa adabu.  Mashine ikachukua noti za mhazini, ikatoa kadi, na wakarudi vituo vinne wamebana nyuso kwenye kioo, wakitafuta kitenge cha kijani kwenye kila kona.

Walimkuta palepale walipomwacha. Hakuwa ametoka hata hatua kumi. Kando ya kituo kulikuwa na mama wa nchi ile anayechoma mahindi chini ya mwavuli mkubwa, na Mama Ndekirwa alikuwa amekaa kwenye kreti la huyo mama, amevishwa koti la huyo mama, anageuza mahindi kwenye jiko. Mikono yake haikujua kukaa bure. Wale wawili hawakuwa na neno hata moja la kuzungumza pamoja, lakini mtu anayeuza vyakula barabarani humtambua mwenzake.

Alipowaona akasimama. Wao walikuja wakikimbia kwa namna ya watu wa umri wao, na kabla hawajafungua midomo, akawawahi.

"Poleni, wenzangu. Nimewasumbua."

Yeye ndiye aliyewapa pole. Akaeleza kwamba aliiona taa nyekundu, na angeweza kupiga kelele wamsikie. Lakini aliona akipiga kelele, watatelemka, na mkoba utalazimika kufunguliwa njiani kwenye mvua, makufuli yote matatu, kwa ajili ya nauli yake yeye. Akaona haya. Akasema moyoni, watahesabu, watarudi. Ndipo yule mama akamwita akae. Alikuwa amekula mahindi mawili, na amemwambia kwa ishara kwamba wenzake wanakuja na watalipa.

"Mlipeni, basi," akasema.

Mwenyekiti akanyoosha mkono wenye fedha. Mama Ndekirwa akazitazama zile noti. Akamtazama mhazini tumboni, akaona mkoba uko vilevile, umevimba vilevile. Mkono wake ukapanda taratibu hadi shingoni.

"Mmeufunguaje?"

Mmoja wa wale wakimya akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile, akaanza kusema kuna mtu mmoja kule kituoni aliwaonea huruma akawaazima. Alisema vizuri. Ingekubalika. Lakini mhazini akamgusa mkono.

"Hapana," akasema. "Hatujaufungua. Hizi ni zetu. Kila mmoja alikuwa nazo tangu nyumbani. Kasoro wewe."

 Hindi moja lilikuwa linataka kuungua, Mama Ndekirwa akainama akaligeuza. Alipoinuka, aliongea polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe.

"Kumbe sikupotea leo."

Mvua ilisikika juu ya mwavuli.

"Mimi nilidhani tuko sita," akasema. "Tulipokula ile supu bila nyama, nilisema moyoni, tumebanwa, lakini tumebanwa wote. Ndiyo maana niliiona tamu. Kumbe nilikuwa naila peke yangu."

Mwenyekiti akasema kwamba waliogopa kumwaibisha. Hawakutaka ajione yuko chini.

"Mwenye nacho hajawahi kuniaibisha, Mama Mwenyekiti. Madaktari wananunua chai kwangu kila asubuhi. Wana magari, nayaona, nafurahi, ndio wateja wangu. Lakini hakuna daktari aliyewahi kuja kukaa kwenye benchi langu akaniambia na yeye hana nauli."

Mhazini, ambaye katika duka lake wanaume wazima wakiomba punguzo hutetemeka, akaanza kulia. Alilia vibaya, bila leso, amesimama kwenye mvua na kiatu hakijafungwa. Hakuomba msamaha. Nadhani hakujua aanzie wapi.  Mama Ndekirwa akasogea kwenye kreti, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Njoo huku," akasema. "Unalowa."

Sasa sisi.

Sitawahubiria habari za kadi za benki, ingawa wapo humu wanaozihitaji. Yule binti alisema kweli: kila mmoja abebe kidogo, na wenzake wajue anayo. Hamkulisikia lile la mwisho. Nao hawakulisikia. Kuwa na akiba kwenye soksi si dhambi. Dhambi inaanza pale ninapokaa karibu na mtu ambaye kweli hana, nikapiga naye mluzi wa shida, nikatikisa kichwa naye, nikasema hali ni ngumu mwenzangu, huku kitu kinanichoma mguuni.

Tunaita unyenyekevu. Tunasema hatutaki kujionyesha. Mama mmoja kwenye jumuiya yenu anasema ada imemshinda, na sisi tunajibu, hata sisi, hata sisi, tuombeane. Tunaona tumemfariji. Je, tumemfariji? Yeye anarudi nyumbani akijua kwamba wote tumekwama, basi hakuna wa kumwendea. Tumemfungia mlango kwa maneno ya upole. Angejua kwamba mtu wa benchi la tatu anayo, angejikaza siku moja akagonga. Au angechukia kidogo, hayo yangekuwa kati yake na sisi, na yangezungumzika. Lakini uigizaji wetu hauzungumziki. Unamwacha anakula supu yake, anaona tamu, peke yake.

Nanyi mliokaa mnangoja mwenzenu aanze. Nawaona, na siwatazami kwa ukali. Dakika arobaini ni muda wa kawaida kabisa kwetu. Wengine tumefikisha miaka. Tunasubiri kamati iundwe, tunasubiri mchungaji aseme, tunasubiri tatizo lijimalize. Na kumbe mwenzako anayesimama karibu nawe, aliyeinamisha kichwa, yeye naye ana noti kwenye kilemba, na anasubiri wewe uvue kiatu. Hamtashangaana. Mkiona mmoja ameinama, mtashangaa jinsi mtakavyoinama wote.

Mama Ndekirwa yule hakupiga kelele. Naomba mlikumbuke hilo mkifika nyumbani, kwa sababu tumezoea kuwasaidia wanaopiga kelele. Yeye aliona haya, akarudi nyuma, akasema watahesabu. Alikuwa na imani nasi kuliko tulivyostahili. Nimesema nasi, nimekosea, nilitaka kusema nao. Hapana, sijakosea.

Wiki hii kuna mtu wa humu aliyepita nyuma yetu sote, na taa ikawa nyekundu kwake, na sisi tukaondoka tukiongea. Mahali pake pako wazi kwenye benchi fulani, na anayekaa karibu napo anajua ni wa nani. Bado anatungoja palepale. Wala hajatusema vibaya kwa mtu. Amekaa kwa jirani asiyemjua, amepewa koti la kuazima, na amekwisha kumwambia, kwa ishara, kwamba wenzake wanakuja.

Wenzake ni sisi.